Bodi ya Arduino ipige ilimba maji ya mgao yakifika: naomba mwongozo

Mshonaji Nkuhungu

Habari za leo wakuu. Mimi ni mshonaji, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na bibi yangu mzaa mama. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, na mara nyingi yanakuja usiku wa manane. Presha ya bomba haifiki juu ya mnara wa tangi, kwa hiyo maji yanaingia kwanza kwenye tangi dogo la chini, halafu tunawasha pampu kuyapandisha kwenye simtenki ya lita 2,000. Lazima mtu awe macho, na huyo mtu ni bibi. Ana zaidi ya miaka themanini, anasikilizia bomba likianza kukoroma, anaamka anawasha pampu. Nimemwomba aniachie mimi, hataki. Anasema maji ya nyumba hii ni kazi yake. Sawa, iwe kazi yake, lakini angalau alale mpaka aitwe.

Mpwa wangu anayesoma ufundi aliniachia boksi lenye Arduino Uno (ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), nyaya za kuchomeka, rizista na taa ndogondogo. Nimefuata mafunzo kwenye simu, nimewasha taa na kuizima, nimesoma kitufe, nimeunganisha kile kidude kinachopiga "piii". Naipenda kazi hii sana. Nikitoka sokoni Majengo jioni, hamu yangu ni kukaa nayo mezani.

Kile kidude cha "piii" hakitufai. Kinamshtua bibi moyo unamwenda mbio. Meseji nayo haitasaidia kwa sababu hatumii simu. Lakini mjomba wangu anapiga ilimba vizuri sana, ile ala ya Kigogo ya vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na bibi ilimba anaitambua hata akiwa usingizini. Nataka maji yakianza kuingia, ilimba ya mjomba ilie chumbani kwa bibi. Tangi la juu likikaribia kujaa, ulie wimbo wa pili ili azime pampu.

Naombeni mnisaidie: bodi itajuaje maji yamefika kweli? Uno inaweza kupiga sauti iliyorekodiwa? Umeme ukikatika itakuwaje? Na maji yetu yana chumvi, birika linaganda weupe ndani, je hayataua vifaa? Bajeti yangu ni shilingi 80,000, laptopu ya kuazima ninayo.

Kijana wa Ihumwa

Dada, mbona rahisi. Weka boya kwenye tangi la juu, likijaa linajifunga lenyewe. Na badala ya Uno chukua ESP32, ina Wi-Fi, utaona kiwango cha maji kwenye simu popote ulipo.

Mshonaji Nkuhungu

Asante mdogo wangu. Boya la kufunga lipo tayari. Likifunga, pampu inaendelea kuunguruma kwa kuwa haijui kuwa bomba limefungwa, ndiyo maana nataka wimbo wa pili. Na simu sitaki iwemo. Anayehitaji habari ni bibi.

Fundi Redio Majengo

Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo. Dada, wazo lako ni zuri na nitakujibu kwa kirefu, maana nimetengeneza redio na amplifaya miaka mingi, na siku hizi bodi hizi ndizo zinazonifanya nichelewe kufunga kibanda.

Baki na Uno. ESP32 ni nzuri, ila pini zake ni za volti 3.3 na sensa nyingi za bei nafuu zinarudisha volti 5, utaanza kuhangaika na kupunguza volti kabla hujasikia hata noti moja ya ilimba. Uno inavumilia volti 5, na kwa kazi hii nguvu yake inatosha na kubaki.

Kwanza tuongelee kujua kuwa maji yamefika, kwa sababu hapa ndipo wengi watakupeleka pabaya. Watakuambia ununue sensa ya mtiririko, ile YF-S201 ya nusu inchi yenye panka ndogo ndani. Ni kifaa kizuri mahali ambapo bomba huwa limejaa maji muda wote. Kwenye mgao bomba limekaa tupu siku nzima, na maji yanapokuja yanasukuma hewa mbele yake. Ule mkoromo anaousikia bibi ni hewa. Hewa hiyo itazungusha panka kwa kasi, bodi itahesabu lita ambazo hazipo, na bibi ataamshwa kuja kutazama bomba linalopumua. Halafu chumvi na mchanga wa kwetu vitaisakama panka.

Mimi ningetumia kikombe. Chukua kopo dogo la plastiki, toboa tundu jembamba chini, lining'inize ndani ya tangi la chini pale bomba linapomwagia. Ndani ya kopo weka vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu, spoku mpya za baiskeli za stenlesi zinafaa, vikae mbali kidogo visigusane. Hewa ikitoka, kopo halijai. Maji yakitoka, linajaa haraka kuliko tundu linavyomwaga, na vile vyuma viwili vinaunganishwa na maji. Mgao ukiisha, tundu linalikausha kopo na mtego unakuwa tayari kwa zamu nyingine.

Hapo chumvi unayoiogopa inakusaidia, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Inachoua ni kuacha umeme ukipita kwenye vyuma saa zote. Chuma kimoja kinalika, kingine kinaota ukoko. Kwa hiyo usivipe volti moja kwa moja kutoka pini ya 5V. Chuma cha kwanza kiunge pini 7. Cha pili kiunge A0, pini ya kusoma volti, na kutoka A0 weka rizista ya kiloomu 10 kwenda GND, yaani hasi ya bodi. Kwenye programu, kila baada ya sekunde mbili iambie pini 7 itoe volti, soma A0, kisha izime hapo hapo. Uno inasoma kuanzia 0 hadi 1023. Kopo kavu litakupa sifuri au karibu na hapo, lenye maji litakupa namba kubwa. Pima kwa maji ya bombani kwako kwanza, tazama namba inayotoka, ndipo uchague mpaka wako katikati, yaani namba inayotenganisha kavu na maji. Usinakili namba ya mtu wa Dar.

Programu isiimbe kwa kusoma mara moja. Isome mara kumi mfululizo, zote ziwe juu ya mpaka, ndipo ipige wimbo. Na ikishapiga isirudie mpaka kopo likauke, la sivyo bibi atasikia ilimba mpaka alfajiri.

Sasa ilimba yenyewe. Uno peke yake haiwezi kubeba wimbo, kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32 tu. Tafuta kidude kidogo kinaitwa DFPlayer Mini. Kinasoma memori kadi na kina amplifaya yake ndani, unaunga spika ndogo moja kwa moja. Kadi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 na isizidi GB 32. Tengeneza folda iitwayo mp3, weka faili 0001.mp3 kwa maji yaliyofika na 0002.mp3 kwa tangi lililojaa. Ukiziita kwa majina hayo ndani ya folda hiyo utapata wimbo unaoutaka. Ukiziacha nje ya folda, hesabu yake inaweza kufuata mpangilio wa kunakili na siyo majina, na utashangaa kwa nini nyimbo zimebadilishana zamu.

Waya unaotoka Uno kwenda RX ya DFPlayer, yaani pini yake ya kupokea amri, upitishie rizista ya kiloomu moja, bila hiyo spika inaweza kuwa na mvumo. Na karibu na miguu yake ya umeme weka kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000, maana wimbo unapoanza unavuta umeme ghafla na bodi inaweza kujizima na kuwaka upya.

Kurekodi ni kazi ya kufanywa kwa heshima, usiifanye ovyo. Ilimba ina zile noti ndefu zinazoendelea kutetemeka baada ya kidole kuondoka, na simu ikiwekwa karibu sana sauti inapasuka. Mweke mjomba ndani ya chumba chenye nguo na magodoro, wewe chumba chako cha kushonea kinafaa kabisa kwa sababu vitambaa vinakula mwangwi. Simu iwe umbali wa mkono, juu ya kitambaa, isiguse meza. Wimbo wa kwanza uanze pole pole uongezeke. Wa pili uanze kwa noti za juu, ili hata akiwa nusu usingizi ajue ni upi.

Nitarudi kwa suala la umeme, mteja yuko mlangoni.

Mwalimu wa Kongwa

Dada, mimi nafundisha fizikia sekondari na nimefurahi sana kusoma swali lako. Bodi hizi zilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na walengwa wake walikuwa wanafunzi wa ubunifu wa vitu, si wahandisi. Mshonaji ana haki nazo kuliko anavyodhani.

Niongeze kuhusu tangi la juu. Utakutana na HC-SR04, ile sensa yenye macho mawili inayopiga sauti isiyosikika na kupima muda wa mwangwi kurudi. Usiiweke ndani ya tangi, haina kinga ya unyevu. Ipo nyingine ya jicho moja lenye waya, JSN-SR04T, hiyo inavumilia maji. Ila haioni vizuri kitu kilicho karibu chini ya sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo ukiifunga kwenye mfuniko, maji yakikaribia kujaa itakuongopea. Na sentimita hizo za mwisho ndizo unazozihitaji wewe.

Kuna joto pia. Kasi ya sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na inaongezeka takriban mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Simtenki nyeusi juani Dodoma mwezi wa Oktoba, hewa iliyo juu ya maji ikifika nyuzi 45, kasi inakuwa karibu mita 358. Programu iliyoandikwa kwa 343 itasoma umbali wa sentimita 150 kutoka sensa hadi maji kama 144 hivi. Sentimita sita zimepotea bila mtu kugusa kitu. Wanafunzi wangu hulifanya hili kama zoezi, na linawaingia kuliko chochote nilichowahi kuandika ubaoni, kwa sababu tangi la shule wanaliona dirishani.

Kwa lengo lako hata huhitaji sensa ya sauti. Huulizi zimebaki lita ngapi, unauliza limejaa au halijajaa. Nunua swichi ya boya ya umeme mdogo, ina sumaku ndani ya boya na swichi ya kioo ndani ya mhimili. Maji yakipanda, sumaku inafunga swichi. Hakuna chuma kinachogusa maji, kwa hiyo chumvi haina pa kuanzia. Ifunge chini kidogo ya boya lako la kufunga, ilie kabla pampu haijaanza kusukuma bomba lililozibwa.

Kijana wa Ihumwa

Mwalimu umenifungua macho, hiyo ya joto sikuwahi kuifikiria. Dada, nikupe basi kitu kingine. Ukiamua kutumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na bodi, ili bodi iwashe pampu yenyewe, rilei ya bluu iko hata kwenye maboksi ya kujifunzia.

Fundi Redio Majengo

Nimerudi. Kijana, hapo kwenye rilei tusimamishe kidogo. Rilei ya bluu imeandikwa ampea 10 na pampu ya nusu hospawa inakula kama ampea mbili au tatu ikiwa inazunguka. Mota inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Vidole vya rilei vinaungua, siku moja vinashikana, na pampu haizimi tena. Dada, kwa sasa pampu iwashwe na bibi kwa mkono, kama anavyotaka mwenyewe. Siku ukitaka ijiwashe, muite fundi umeme mwenye leseni afunge kontakta (swichi kubwa ya kuhimili mota) na kinga ya mota, bodi yako itoe amri tu. Umeme wa volti 230 karibu na maji haujifunzii mtu mezani.

Kuhusu umeme kukatika. Uno yenyewe inakula kama miliampea 50 hata ikiwa haifanyi kitu, kwa sababu ya vifaa vingine vilivyo juu ya bodi. Seli moja ya 18650 nzima, ya miliampea 2,000 na kitu, inaweza kuivusha usiku mzima na zaidi. Lakini seli inatoa volti 3.7 na Uno inataka 5, kwa hiyo njia nyepesi ni paua benki ya simu. Chagua inayoweza kuchajiwa huku inatoa, na isiyojizima inapoona mzigo ni mdogo. Hili lijaribu dukani kabla hujalipa. Ukiona paua benki zote zinajizima, njoo na seli za laptopu ya zamani, nikuonyeshe kuunga kichaji cha TP4056 chenye kinga, pamoja na kipandisha volti.

Jambo jingine dogo linalokula jioni za watu: waya wa USB. Nyingi za madukani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data, na laptopu haitaiona bodi kamwe. Na kama Uno yako si ile halisi ya Italia, kuna uwezekano ina chipu ya CH340 ya kuongea na laptopu kwa USB. Laptopu ya kuazima ikiwa ya Windows ya zamani, itabidi uiwekee draiva yake.

Umbali kutoka mnarani hadi chumbani kwa bibi ni mita ngapi?

Mshonaji Nkuhungu

Wakuu, sijui niwashukuruje. Nimeandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja.

Kutoka mnara hadi dirisha la bibi ni kama mita kumi na mbili. Tangi la chini liko karibu, mita nne. Mwalimu, nimeelewa kabisa habari ya limejaa au halijajaa. Nilikuwa natafuta lita kwa sababu nimeziona kwenye video, kumbe bibi hajawahi kuniuliza lita.

Jana nimepima kwa kikombe mezani. Maji ya bomba yamenipa 640 na kitu, maji ya chupa ya dukani yamenipa chini sana ya hapo. Kikavu kinanipa 0 mpaka 3. Kwa hiyo mpaka wangu nimeuweka 300. Nimeona namba zinabadilika kwenye laptopu nilivyokuwa namwaga, nikamwita bibi aje aone. Ameuliza kama hilo kopo litaweza kutofautisha maji ya bomba na maji ya mvua. Nikamwambia bado.

Maswali mawili yaliyobaki. Mita kumi na mbili za waya zitaleta shida? Na kuna kibuyu cha zamani cha mjomba, kilikuwa cha zeze, shingo imevunjika. Nikifunga spika ndani yake ni wazo la maana au najipendelea?

Mwalimu wa Kongwa

Swali la bibi ni swali la mtafiti. Maji ya mvua yana madini machache sana, yatasoma chini, na kwa mpaka wa 300 huenda kopo lisiyaone. Tangi la chini likiwa na mfuniko mzuri mvua ya Desemba haitaingia. Siku ukitaka kupima mvua yenyewe, tuongee, maana milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili, na hapo kuna kifaa kizuri cha kutengeneza.

Fundi Redio Majengo

Mita kumi na mbili kwa swichi ya boya hazina tatizo, ni kufungua na kufunga tu. Tumia waya wa simu za mezani au waya wa kengele wenye nyaya mbili zilizosokotwa. Waya mrefu unaweza kuokota mishtuko pampu inapowaka, kwa hiyo upande wa Uno weka rizista ya kiloomu moja kati ya waya na pini, na programu ihesabu swichi imefunga pale tu inapobaki imefunga sekunde tatu. Hiyo pia itakuokoa na mawimbi ya maji yanayotikisa boya. Usiupitishe sambamba na waya wa pampu. Msimu wa radi, chomoa waya wa mnarani kwenye bodi.

Boksi la bodi lifungwe ndani ya nyumba, si uani. Vumbi la kuanzia Juni na zile pepo zetu linaingia hata kwenye redio iliyofungwa kwa skrubu. Tundu la waya lielekee chini.

Kibuyu ni wazo la maana sana, wala hujipendelei. Sauti ya zeze inajengwa na kibuyu, na spika ndogo ikiwa uchi mezani inasikika nyembamba kwa sababu sauti ya nyuma inaifuta ya mbele. Ukiifunga mdomoni mwa kibuyu, ya nyuma inabaki ndani na noti za chini zinapata mwili. Tafuta spika ya omu 4 au 8, wati 3, yenye upana unaolingana na mdomo wa kibuyu. Usitoboe kibuyu cha zamani kwa msumari, kitapasuka. Tumia kisu chenye ncha au drili ya taratibu, na ubandike plasta ya gundi upande wa ndani kabla. Ukingo wa spika uzungushie kitambaa kinene, hapo wewe ndiye fundi kuliko sisi wote, ili kibuyu kisitetemeke na kuleta mlio wa njuga.

Kwenye DFPlayer sauti inapangwa kuanzia 0 hadi 30. Anza na 15 usiku ukiwa chumbani kwa bibi mlango umefungwa, panda moja moja mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha. Mchana nyumba ina kelele, kwa hiyo utataka 24 au 25. Uno haina saa, ila unaweza kuweka kile kisensa cha mwanga, LDR, dirishani kwenye A1. Chumba kikiwa na giza ipige 15, kukiwa na mwanga ipige 25. LDR moja na rizista ya kiloomu 10, navyo ninavyo kwenye kopo kibandani. Pita Jumamosi ukitoka sokoni, uje na kibuyu tukipime.

Mshonaji Nkuhungu

Jumamosi saa tisa nitakuwa hapo. Nakuja na mjomba pia, anataka kusikia spika kabla hajakubali kurekodi.